Bibi hakunywa maji: uchambuzi wa safari ya familia ya pwani kwenye joto la Dodoma

Kuanzia Oktoba hadi mvua zianze, Dodoma hupokea wageni wanaolijua joto lakini hawalijui joto la huku. Kisa hiki ni cha familia moja ya aina hiyo. Nimekiandika kwa ajili ya madereva, waongozaji wa matembezi, na hasa wenyeji wanaopokea ndugu zao wakati wa likizo, kwa sababu kilichomkuta bibi mmoja mlimani Kolo kilianza kuandaliwa nyumbani, mezani, wakati wa chai.

Nimezungumza na familia yenyewe, mwenyeji wao, dereva na mwongozaji, kwa ridhaa yao. Majina, mwaka, kazi na mengine yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa.

Usuli

Walikuja watano kutoka mji wa pwani ya kaskazini: Baba, Mama, binti wa miaka 14, kijana wa miaka 11, na Bibi, mzaa Baba, aliyevuka miaka sitini na mitano na anayetumia dawa za presha. Walifikia kwa Shangazi, dada yake Baba, mtumishi aliyehamia Dodoma na mwenye mtoto mchanga wa miezi minne. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, shule zimefungwa, mvua zimechelewa.

Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ni nyanda kavu: mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali, na mvua zikichelewa, joto hilo huendelea. Kivulini mchana hufika nyuzi 31 hadi 33, na siku kali hupita hapo. Ukizitazama namba hizo ukiwa pwani huoni cha kutisha, kwani kwenu pia ni nyuzi 31. Baba aliniambia wazi kwamba waliangalia hali ya hewa kwenye simu kabla ya kuondoka wakaridhika.

Kilichojificha nyuma ya namba hizo ni ukavu. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linakutiririka, shati linakuganda mgongoni, unatafuta maji bila kuambiwa. Dodoma jasho linatoka vilevile ila linakauka papo hapo, na upepo unalimaliza. Ngozi inabaki kavu, mtu anajiona yuko salama, huku mwili unapoteza maji na chumvi saa baada ya saa. Mama alilisema hilo siku ya kwanza kama sifa: "Joto la huku zuri, halina jasho."

Siku mbili za kwanza

Walifika usiku, na usiku wa Dodoma una ubaridi wake. Bibi alijifunika kanga mbili. Wakalala wakiamini wametoroka joto la kwao.

Kesho yake walitoka saa 5 asubuhi kwenda kuzunguka mjini: Nyerere Square, kisha soko la Majengo, wakarudi saa 9 alasiri. Walikunywa soda. Jioni binti alitokwa na damu puani, kijana midomo ilipasuka, na watu wazima wote walilalamika kichwa. Shangazi aliwapaka mafuta ya mgando na kuwaambia ni vumbi. Vumbi lilikuwa na sehemu yake, na hewa kavu peke yake inatosha kupasua utando wa pua. Lakini kichwa cha watu watatu kwa mpigo, baada ya saa nne juani, ni dalili ya watu waliopungukiwa maji.

Chumba cha wageni kilikuwa na bati bila dari, na madirisha yaliachwa wazi mchana kutwa "ili hewa iingie". Iliyoingia ni hewa ya moto. Ilipofika saa 2 usiku kuta zilikuwa bado zinatema joto, na Bibi alilala vibaya. Kwa hiyo alianza siku ya tatu akiwa na usingizi haba na mwili ambao tayari ulikuwa unadai maji.

Siku ya Kolo

Mpango ulikuwa kwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kutoka Dodoma hadi Kondoa mjini ni kilomita kama 160, kisha unaendelea hadi Kolo kwenye njia ya Babati. Shangazi alikuwa amesema watoke saa 11 alfajiri. Alibaki nyumbani na mtoto, na bila yeye kusimamia, chai ikawa ndefu. Noah ya kukodi iliondoka saa 3 na robo asubuhi.

Katoni ya maji ilinunuliwa njiani ikawekwa kwenye buti, nyuma kabisa, chini ya begi la nguo za kubadili. Ndani ya gari palikuwa na chupa moja, mikononi mwa kijana.

Dereva anakumbuka aliuliza mara mbili kama asimame. Bibi ndiye aliyejibu, mara zote mbili: "Baba, usisimame kwa ajili yangu, twende tu." Tangu alfajiri alikuwa amekunywa nusu kikombe cha chai na funda la maji la kumezea dawa ya presha. Baadaye aliponieleza sababu, hakuzunguka: "Mtu mzima kama mimi kuchimba dawa porini, mkwe wangu yupo, dereva mwanamume yupo, wajukuu wanatazama. Nikaona bora nisinywe."

Walifika Kolo karibu saa 6 mchana. Gari liliegeshwa mahali pa wazi. Kolo iko juu kuliko Dodoma mjini, na hewa yake siku ile haikuwa ya moto zaidi. Shida ilikuwa jua la karibu utosini, mteremko mkali unaopandwa kwa miguu hadi kwenye mapango, na mawe yaliyokuwa yakioka tangu asubuhi. Watu sita pamoja na mwongozaji walipanda na chupa tatu za nusu lita. Mwongozaji alipendekeza Bibi abaki chini kivulini. Bibi alikataa, na Baba hakutaka kubishana na mama yake mbele ya watu.

Kichwa kilikuwa kimeshaanza kumuuma ndani ya gari, na Mama alimpa Panadol mbili. Katikati ya mlima alisimama, akasema miguu inakaza, akakaa juu ya jiwe. Akatapika kidogo. Uso ulikuwa umepauka. Mwongozaji alipomshika mkono ulikuwa na ubaridi, na chini ya kanga shingo ilikuwa na unyevunyevu ingawa nguo ya nje ilikuwa kavu kabisa.

Maamuzi pale mlimani, na sababu zake

Hapa ndipo palipo na mafunzo mengi, kwa sababu ndani ya dakika tano kulikuwa na mapendekezo matatu yanayopingana.

Baba alitaka mama yake abebwe hadi garini na kukimbizwa Kondoa. Ni wazo la mtoto anayempenda mama yake, na lilikuwa na hatari ndani yake. Kumbeba mtu mzima kwenye mteremko, juani, ni kumuongezea joto. Na gari lililokaa juani madirisha yakiwa yamefungwa ni tanuri. Ndani ya dakika 10 tu joto la ndani ya gari linaweza kupanda kwa nyuzi kama 10 kupita la nje, na huendelea kupanda. Binti aliyetumwa kuleta maji alishika chuma cha mkanda wa kiti, kikamuunguza kiganja.

Mama alitaka kumpa maji mengi haraka. Bibi alikuwa bado ana kichefuchefu, angeyarudisha yote.

Mwongozaji, kijana wa palepale Kolo, alisema jambo moja ambalo ningependa kila dereva wa mkoa huu alijue: kwanza apoe, kisha ndiyo asafiri. Ila kabla ya hapo alimwita Mama pembeni, kwa heshima, akamwomba amuulize Bibi tangu asubuhi amekunywa nini. Jibu lilibadilisha kila kitu. Pia alimsemesha Bibi mwenyewe: akamuuliza jina la mjukuu, wako wapi, wametoka wapi. Bibi alijibu sawasawa, kwa hasira kidogo. Akili yake ilikuwa timamu, na hicho ndicho kilichompa mwongozaji ujasiri wa kutulia.

Wakamsogeza hatua chache hadi kivuli cha mwamba. Wakamlaza, miguu juu ya begi. Wakalegeza sidiria na mkanda wa sketi, wanaume wakigeuka. Kanga moja ililoweshwa ikawekwa shingoni, kifuani na makwapani. Ya pili Mama na binti waliishika pembe nne wakawa wanampepea. Ile iliyoloweshwa ilikuwa inakauka baada ya dakika chache, wanailowesha tena. Ukavu ule uliomwangusha ndio uliomsaidia hapo, kwa sababu maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto, na hewa ya Dodoma huyakausha haraka. Pwani kanga ile ingebaki imelowa na nafuu ingechelewa.

Dereva alitumwa kuhamisha gari hadi kwenye mti, kufungua milango yote na kuwasha AC. Baada ya kama dakika 20 kichefuchefu kilipungua. Walitelemka polepole, Bibi akitembea mwenyewe huku ameshikwa pande mbili. Chini, nyumba ya jirani iliwapa chumvi, sukari na kijiko cha chai. Mwongozaji alichanganya kwenye chupa mbili za nusu lita, yaani lita moja: vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kilima. Alimpa kwa mafunda madogo. Kipimo kina maana yake. Chumvi ikizidi inadhuru, na sukari ikizidi inaweza kuleta kuhara na kumpotezea mgonjwa maji zaidi.

Panadol haikusaidia, wala isingeweza. Inashusha homa inayotokana na ugonjwa, ambapo mwili wenyewe umepandisha kipimo chake cha joto. Joto la jua halishuki kwa kidonge.

Matokeo

Kondoa mjini walimpeleka hospitali. Presha yake ilikuwa chini kuliko ilivyozoeleka, sukari ikapimwa ikawa sawa, akatundikiwa dripu, akaangaliwa hadi karibu Magharibi. Daktari aliwaeleza kwamba moja ya dawa zake ni ile inayosukuma maji na chumvi kutoka kwa njia ya mkojo. Kwa mtu aliyezuia kunywa, na anayetoka jasho asilolijua, dawa hiyo iliendelea kumkausha. Aliwasisitiza wasiiache kwa uamuzi wao. Warudi kwa daktari anayemhudumia. Walifanya hivyo kesho yake kwa simu, naye ndiye aliyeamua atumie vipi kwa siku zilizobaki.

Hawakurudi pwani mapema, ingawa Baba alitaka. Shangazi alipanga ratiba upya. Matembezi yakawa saa 12 asubuhi hadi saa 4, kisha tena kuanzia saa 11 jioni. Kati ya hapo, nyumbani. Madirisha na mapazia ya chumba cha wageni yakawa yanafungwa saa 3 asubuhi na kufunguliwa jua likizama, na Bibi akahamishiwa sebuleni penye dari. Mtungi wa udongo ulinunuliwa sokoni ukawekwa kwenye korido penye upepo. Maji yake yalikuwa ya baridi ya kunyweka, na Bibi, ambaye hapendi maji ya friji, aliyanywa bila kusukumwa.

Siku moja jirani wa Shangazi aliwapeleka kijijini kwao, kwenye tembe la wazazi wake, nyumba ya Kigogo ya kuta za miti na udongo yenye paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Walikaa humo saa 8 mchana wakila ugali wa uwele na mlenda. Kijana alitoka na kuingia mara kadhaa ili tu kuhisi tofauti. Udongo mnene huchelewa kupata moto mchana na huchelewa kupoa usiku. Bati haliwezi hata kimoja. Nasema hili kwa uchungu kidogo, maana tunajenga upya mji mzima kwa bati na vioo kwenye nchi ambayo wazee wake walishajua la kufanya.

Jambo moja dogo lilizuka. Baada ya yaliyomkuta, Bibi aliingiwa na hofu juu ya mtoto mchanga, akataka apewe maji kwa kijiko. Shangazi alimwambia, "Mama, kliniki wamesema hajafika miezi sita, nyonyo linatosha." Ni kweli, hata kwenye joto kama hili. Mtoto ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na anayeongezewa maji ya kunywa ni mama yake.

Uchambuzi

Nilipowauliza wanafamilia kosa lilikuwa wapi, wote walitaja kuchelewa kutoka. Nakubali kwa sehemu. Wangetoka saa 11 alfajiri wangekuwa mapangoni kabla ya saa 3, kivuli bado kirefu. Lakini Bibi angekuwa bado hajanywa kitu. Huenda angeanguka njiani kurudi badala ya mlimani.

Kwangu mimi chanzo ni choo. Watu wengi wanapopanga safari ya joto huuliza tubebe maji kiasi gani, na maji yakawepo kama yalivyokuwepo kwenye buti la ile Noah. Hawaulizi tutasimama wapi. Mwanamke mtu mzima, anayemeza dawa ya kumkojoza, hawezi kunywa kwa amani kama hajui atajisitiri wapi. Atanyamaza, atasema hana kiu, atasema "twende tu". Na wazee kweli huhisi kiu kidogo kuliko vijana, kwa hiyo hata yeye mwenyewe hapati onyo. Dereva aliuliza, hilo namsifu, lakini aliuliza kwa namna inayomtaka mtu mmoja ajitangaze mbele ya gari zima. Yule dereva sasa anasema tangu mwanzo: "Tutasimama kwenye kituo cha mafuta fulani, na kingine fulani, vyoo vipo, kila mtu atashuka." Hakuna anayeombwa kujieleza. Tangu aanze hivyo, anasema, abiria wazee wanakunywa.

Cha pili ni kupima joto kwa jasho. Mtu wa pwani akiwa hapa aangalie mkojo: ukiwa mchache na rangi ya chai ya rangi, amechelewa. Damu ya pua, midomo na vichwa vya siku ya kwanza vilitosha kuahirisha Kolo kwa siku mbili. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya, na siku za mwanzo ndizo zenye hatari zaidi. Familia iliweka tembezi gumu kuliko yote siku hizohizo.

Soda naitaja kwa haraka: sukari nyingi, chumvi karibu hakuna. Chai yenyewe si adui, ila nusu kikombe si kinywaji cha safari ya saa tatu.

Kilichofaa kilifaa kwa sababu mtu mmoja alitulia na kupanga hatua kwa mpangilio sahihi. Hata hivyo naomba msomaji asichukue kisa hiki kama kibali cha kumtibia kila mtu chini ya mti. Bibi alikuwa na uchovu wa joto. Angekuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, hamjui mjukuu wake, anapepesuka kama mlevi, anatingishika kwa degedege au amezimia, hicho kingekuwa kiharusi cha joto, pale ambapo joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo unaumia. Mtu wa namna hiyo hapewi kitu mdomoni, kwani kinaweza kuingia kwenye mapafu. Anamwagiwa maji mwili mzima na kupepewa palepale bila kusubiri, gari linatafutwa wakati huohuo, na kumlowesha kunaendelea ndani ya gari hadi mlango wa hospitali. Wala usisubiri ngozi ikauke ndipo uamini. Wengine huwa bado wanatoka jasho.

Ambalo familia haijakubaliana

Baba anaamini mwongozaji angemzuia Bibi kwa nguvu zaidi asipande. Bibi anasema alikuja kuona michoro, hakuja kukaa chini ya mti, na kwamba angeulizwa vizuri angekunywa maji na kupanda vizuri.

Niko upande wa Bibi. Kumwambia mzee "wewe baki" ni rahisi, na wageni wengi wazee wanaokuja mkoani kwetu wanaishia kukaa garini huku wengine wakitembea. Gari hilohilo linalooka. Angepewa chupa yake mwenyewe mkononi tangu Dodoma, vituo viwili vya choo vilivyotajwa mapema, kofia au mwavuli, fimbo, na saa 2 asubuhi badala ya saa 6 mchana, sioni kwa nini asingefika. Na kama angechoka njiani, angepumzika kwenye kivuli kilekile cha mwamba, safari hii akiwa na maji tumboni. Mwongozaji yeye anasema sasa akipokea kundi lenye mzee, swali lake la kwanza, kabla ya kuandika majina kitabuni, ni kama wote wameshapita chooni na kama wote wana chupa.